Mtoto Akikosa, Tumrudi kwa Upendo

Ndugu msomaji, hakuna nyumba yenye watoto isiyokuwa na makosa ya watoto. Leo chungu kimevunjwa. Kesho mbuzi wameingia katika shamba la jirani. Keshokutwa mwalimu analeta habari kwamba mtoto hajaonekana shuleni tangu Jumatatu, na wewe kila asubuhi umemwona akiondoka na daftari zake. Mzazi gani hatakasirika?

Wengi wetu tunajua dawa moja tu ya makosa hayo, nayo ni fimbo. Tulikua tukichapwa, na sisi tunachapa. Ukimwuliza mtu kwa nini anachapa, atakujibu, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Na sisi Wakristo huongeza neno jingine, "Hata Biblia imesema."

Sasa, hebu tuulizane. Biblia imesema nini hasa juu ya kumrudi mtoto? Je, fimbo inamfunza mtoto kuacha kosa, au inamfunza kujificha? Na mzazi anayetaka kufuata njia ya upendo afanye nini mtoto anapokosa kweli kweli? Hayo ndiyo tutakayoyaeleza hapa.

UPENDO SI KUDEKEZA

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Watu wakisikia neno upendo, hudhani maana yake ni kumwacha mtoto afanye apendavyo. Sivyo hata kidogo. Mtoto aliyeachwa tu hakupendwa. Ametupwa.

Biblia yenyewe inatuonya juu ya jambo hili. Fungua kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2 mpaka ya 4. Utasoma habari za kuhani Eli na wanawe wawili, Hofni na Finehasi. Vijana wale walinyang'anya watu nyama ya sadaka, tena kwa nguvu. Walifanya uzinzi pale pale penye hema ya ibada. Eli aliposikia, aliwasemesha kwa maneno, lakini hakuwazuia. Mwisho wake ulikuwa mbaya. Wana wote wawili waliuawa vitani siku moja. Eli alipopata habari, alianguka kutoka kitini, akavunjika shingo, akafa.

Mfano mwingine ni wa mfalme Daudi na mwanawe Adonia. Usome katika kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 1. Imeandikwa kwamba baba yake hakuwahi kumkemea wala kumwuliza kwa nini anafanya mambo yake. Daudi alipokuwa mzee, amelala kitandani, kijana yule alijaribu kujitawaza awe mfalme.

Basi, upendo wa kweli una mipaka. Mtoto lazima ajue lililo jema na lililo baya. Lazima aambiwe, na lazima azuiwe. Jambo la kujadili ni namna ya kumzuia.

FIMBO YA MCHUNGAJI

Ni kweli kwamba kitabu cha Mithali kinataja fimbo mara kadhaa. Mahali panaponukuliwa sana ni sura ya 13, mstari wa 24. Wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu ya mstari huo, inayosema juu ya mtu asiyetumia fimbo. Nusu ya pili huisahau. Nusu hiyo inasema juu ya mzazi ampendaye mwanawe na kumrudi mapema. Kwa hiyo shabaha ya maneno yale ni upendo na mafunzo, siyo maumivu.

Tena, neno la Kiebrania lililotumika pale kwa fimbo ndilo lililotumika katika Zaburi ya 23. Katika Zaburi hiyo mwenye kusema ni kama kondoo, na fimbo ya mchungaji wake inamfariji. Je, kitu kinachokupiga kila siku kinaweza kukufariji?

Ndugu mfugaji, wewe unaelewa jambo hili kuliko mtu wa mjini. Fimbo yako ina kazi gani? Unamwelekeza nayo mbuzi anayetaka kupotea. Unampisha mbali na shimo. Unamfukuza fisi nayo. Mchungaji anayewavunja miguu wanyama wake hataitwa mchungaji hodari. Jioni atarudi nyumbani na wanyama wangapi?

Wakristo hawakubaliani wote juu ya kuchapa. Wako wanaosema viboko vichache vinaruhusiwa. Wako wanaosema havifai kabisa. Lakini wote wanasoma Agano Jipya moja. Humo mtume Paulo aliwaandikia akina baba mara mbili, katika Waefeso sura ya 6 na Wakolosai sura ya 3. Mara zote mbili aliwakataza wasiwachokoze watoto wao. Na kwa Wakolosai alitoa sababu, kwamba watoto wasije wakakata tamaa. Paulo aliona kwamba mtoto naye ana moyo, na kwamba moyo huo unaweza kuvunjika.

Yesu mwenyewe alifanyaje? Wanafunzi wake walipowafukuza watoto, aliwakasirikia wanafunzi, siyo watoto. Aliwaita wale wadogo, akawakumbatia na kuwabariki. Habari hiyo iko katika Marko, sura ya 10.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Daktari hatoi dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Mzazi naye asitoe adhabu kabla ya kujua chanzo cha kosa.

Mariamu, mama yake Yesu, alitupa mfano mzuri. Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, alibaki Yerusalemu bila wazazi wake kujua. Walikuwa wamekwisha kutembea mwendo wa siku nzima. Wakarudi kumtafuta, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni. Fikiri wewe ungekuwa katika hali gani! Mariamu alimwuliza kwa nini amewatenda hivyo. Akamwambia wazi kwamba wamemtafuta kwa huzuni. Kisha akasikiliza jibu. Baadaye mtoto alirudi pamoja nao Nazareti, akawatii. Soma Luka, sura ya 2.

Hebu tuangalie makosa machache ya nyumbani na vyanzo vyake.

Mtoto anayekojoa kitandani. Huyu huchapwa na kuaibishwa sana, hata huzungushwa mitaani na shuka lake. Lakini mtoto aliye usingizini hakosi kwa makusudi. Wengine huchelewa tu kuacha, hata wakafika miaka 7 na zaidi. Hofu humzidishia. Mwamshe usiku akojoe, na umpunguzie vinywaji kabla ya kulala. Akiona maumivu wakati wa kukojoa, au damu katika mkojo, mpeleke zahanati. Huenda ana kichocho au ugonjwa mwingine wa njia ya mkojo. Akinywa maji kupita kiasi, akakojoa mara nyingi na kukonda, usichelewe kumpeleka. Hizo ni dalili za kisukari, na watoto nao huugua kisukari.

Mtoto asiyeitikia akiitwa. Tunasema ana kiburi. Mchunguze masikio kwanza. Mtoto ambaye masikio yake hutoka usaha mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri. Ukimpiga kofi la sikio, unaweza kuipasua ngoma ya sikio na kumharibia kabisa.

Mtoto mtoro wa shule. Muulize taratibu. Labda anamwogopa mwalimu. Labda wenzake wanamcheka kwa sababu ya nguo zake. Labda haoni ubao vizuri. Labda njiani yuko mtu mzima anayemsumbua, na anaogopa kusema. Hili la mwisho ni la hatari kubwa, hasa kwa watoto wa kike. Mtoto anayejua kwamba atachapwa hawezi kukueleza siri kama hiyo.

Mtoto mdokozi. Anadokoa nyama katika sufuria, au anakomba sukari. Je, alikula mchana? Mtoto ambaye hupata chakula mara moja tu kwa siku ana njaa ya kweli. Kosa ni kosa, lakini njaa haiponi kwa kiboko.

Mtoto mdogo wa miaka miwili au mitatu. Huyu hugusa kila kitu na kulia akinyimwa. Hajawa mkaidi. Akili yake ndiyo kwanza inakua, na hawezi bado kujizuia. Kazi yako ni kuondoa kisu na moto mbele yake, siyo kumpiga kwa kuvigusa.

MFANO: MBUZI SHAMBANI

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mtoto wa miaka 10 ametumwa kuchunga mbuzi. Akaanza kucheza mpira wa makaratasi na wenzake. Mbuzi wakaingia shambani kwa jirani, wakala mistari kadhaa ya mahindi. Jirani amekuja nyumbani, anafoka.

Katika nyumba ya kwanza, baba anakata fimbo pale pale. Anamchapa mtoto mbele ya jirani, ili jirani aone kwamba yeye si mzazi legelege. Anamtukana, "Mpumbavu wewe, hufai kitu!" Usiku mtoto anapelekwa kulala bila chakula. Jirani anaondoka, mahindi yake yamekwisha.

Mtoto huyu amejifunza nini? Amejifunza kwamba siku nyingine mbuzi wakiingia shambani, asiseme. Amejifunza kusema uongo. Na akijua kipigo kinamngoja, huenda siku hiyo asirudi nyumbani. Atalala porini au kwa watu asiowajua. Wako watoto walioanza hivyo hivyo, usiku mmoja, kisha siku tatu, mwishowe wakaonekana stendi ya mabasi mjini wakiokota makopo. Na yule jirani amelipwa nini? Hakuna.

Katika nyumba ya pili, baba naye amekasirika. Tusidanganyane, ana hasira sana. Lakini anafanya hivi:

Kwanza, anatulia. Anampa jirani kiti na maji ya kunywa, anamwomba radhi. Anajua kwamba hasira ni hasara, na mkono wenye hasira haupimi.

Pili, anamwita mtoto na kumwuliza, "Ilikuwaje?" Anamwacha aseme mpaka mwisho. Mtoto anakiri kwamba alikuwa anacheza.

Tatu, anataja kosa lenyewe, siyo kumtukana mtoto. Hasemi, "Wewe mpumbavu." Anasema, "Uliacha kazi uliyopewa. Chakula cha watoto wa jirani yetu kimeliwa."

Nne, wanakwenda wote wawili shambani kuona hasara. Mtoto anaona kwa macho yake mahindi yaliyolala chini. Anaomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Tano, kosa linalipwa. Baba anakubaliana na jirani juu ya kiasi cha mahindi atakachorudishiwa wakati wa mavuno. Mtoto naye anapewa sehemu yake. Jumamosi mbili, baada ya kazi za nyumbani, atakwenda kumsaidia jirani kupalilia, kwa saa chache zinazolingana na nguvu zake. Mpira anaukosa kwa siku hizo.

Sita, yakiisha, yameisha. Jioni anakula pamoja na wenzake. Hakuna anayemkumbusha mbuzi kila mara akikosa jambo jingine.

Je, mtoto wa nyumba ya pili amedekezwa? Hapana! Adhabu yake imechukua siku nyingi kuliko viboko vya dakika moja. Machozi huenda yakamtoka pia. Lakini amejifunza kwamba kosa lina hasara kwa mtu mwingine, na kwamba hasara hutengenezwa.

Njia hii ni ya Kikristo hasa. Zakayo, mtoza ushuru, alipokutana na Yesu hakuchapwa. Alikaribishwa kwa upendo, na upendo ule ukamfanya mwenyewe aahidi kurudisha mara nne mali aliyowadhulumu watu. Upendo ulimvuta alipe, haukumwondolea deni. Habari zake ziko katika Luka, sura ya 19.

ADHABU IFANANE NA KOSA

Wazazi wengi huuliza, "Nisipochapa, nitatumia nini?" Jibu ni kwamba adhabu nzuri hutoka ndani ya kosa lenyewe. Aliyemwaga maji, arudi kisimani kuteka mengine, kwa chombo anachokiweza. Aliyemtukana dada yake, amwombe radhi, na amfanyie kazi moja ya siku hiyo. Aliyechelewa kurudi kutoka mchezoni, kesho asiende. Aliyechukua kitu cha mtu, akirudishe mwenyewe, mzazi akiwa pembeni yake.

Lakini ziko adhabu ambazo mzazi asizitumie kamwe. Usimnyime mtoto chakula. Usimfungie nje usiku. Usimuunguze mkono kwa moto eti kwa sababu ameiba. Usimpige kichwani wala usoni. Usimzuie kwenda shule. Na usimlaani. Maneno kama "utakufa maskini" au "bora nisingekuzaa" hukaa ndani ya mtoto hata akawa mtu mzima. Kovu la fimbo linaweza kufifia, la maneno hukaa.

Vilevile, baba na mama wawe na sauti moja. Mama akikataza na baba akaruhusu, mtoto atajua mlango wa kupitia. Na akina mama, tuache kusema kila wakati, "Ngoja baba yako aje!" Tukisema hivyo, tunamgeuza baba kuwa simba wa nyumba. Mtoto akimsikia akikohoa mlangoni, anakimbia badala ya kumpokea jembe.

Tena, msifu mtoto anapofanya vizuri. Mbuzi wakirudi salama siku kumi, hakuna asemaye neno. Wakipotea siku moja, nyumba nzima inapiga kelele. Mwambie, "Umefanya kazi nzuri leo, mwanangu." Maneno hayo hayanunuliwi dukani, na nguvu yake ni kubwa.

Na mzazi akimwadhibu mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya, amwombe radhi. Wako wanaodhani watashuka heshima. Sivyo. Mtoto atajifunza kuomba radhi kwa kuona, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Pia inakataa adhabu yoyote iliyopita kiasi kwa kuangalia umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili. Zanzibar nayo ina Sheria ya Mtoto yake, ya mwaka 2011.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi nchini Tanzania kwa kuwahoji vijana wa miaka 13 mpaka 24. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Katika kila vijana 4, karibu 3 walisema walipigwa au kuumizwa mwili kabla hawajafika miaka 18. Kama fimbo ingekuwa dawa, basi nchi yetu isingekuwa na kijana mkorofi hata mmoja!

Ukiona mtoto anateswa, usinyamaze kwa kusema, "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu." Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, au afisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kwenda kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Iko na simu ya bure ya msaada kwa watoto, namba 116.

BABA ALIYEKIMBIA

Yesu alipotaka kuwaeleza watu jinsi Mungu alivyo, alisimulia habari za baba mmoja mwenye wana wawili. Iko katika Luka, sura ya 15. Mwana mdogo alidai urithi wake baba akiwa hai, akaondoka, akautapanya wote. Njaa ilipombana, akarudi akiwa amechakaa. Baba alimwona angali mbali, akamkimbilia.

Kwa desturi za wakati ule, kama kwetu, mzee wa heshima hakimbii. Lakini huyu alikimbia. Hakushika fimbo. Hata hivyo, hakusema kwamba mali iliyotapanywa haikutapanywa. Alimwambia yule mwana mkubwa kwamba vyote vilivyobaki ni vyake.

Sasa tujiulize. Kwa nini kijana yule alipofikia kutamani chakula cha nguruwe alifikiri kurudi nyumbani? Ni kwa sababu aliikumbuka nyumba ya baba yake kuwa mahali pa chakula na pa haki. Angeikumbuka kwa viboko na matusi tu, je, angerudi?

Ndugu mzazi, watoto wetu nao watakosa. Wengine watakosa makosa makubwa kuliko chungu na mbuzi. Binti anaweza kupata mimba akiwa shuleni. Kijana anaweza kuingia katika bangi au gongo. Siku hiyo mtoto atamtafuta mtu wa kumwambia. Kama tangu udogo amezoea kusikilizwa kwako, atakuja kwako. Kama amezoea kipigo, atakwenda kwa mwingine, na hatujui huyo mwingine atamshauri nini.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala hii pamoja nyumbani, katika jumuiya au katika kikundi chenu cha kusoma. Kisha mjadili:

1. Taja kosa moja ambalo watoto wa kijiji chenu hulifanya mara nyingi. Chanzo chake ni nini?

2. Eli aliwasemesha wanawe, lakini hakuwazuia. Kuna tofauti gani kati ya kusema na kuzuia?

3. Mtoto akiharibu mali ya jirani, mnaweza kupatanaje ili jirani alipwe na mtoto ajifunze?

4. Methali inasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Je, unaweza kumkunja bila kumvunja? Kwa njia gani?

5. Chagueni adhabu moja inayoumiza watoto hapa kijijini. Mtafanya nini ili ikome?